Waisraeli wanaanzia mwaka mpya wao kambini kwetu: niwasalimieje, niwapikie nini, na mbona mwaka unaanza mwezi wa saba?

Chifu Kitoweo
Wakuu salaam. Mi ni mpishi kambi ya mahema huku Kogatende, kaskazini ya Serengeti. Ofisi ya Arusha wamenirushia meseji kuna kundi la Waisraeli linaingia tarehe 21 Septemba 2025 linakaa mpaka 25, na jioni ya tarehe 22 kwao ndo mwaka mpya unaingia, Rosh Hashana, wanasema ni mwaka 5786. Wameleta na orodha ya vitu vya mezani: maepo, asali, komamanga, tende, kunde, liki (ile mboga jamii ya kitunguu), bitiruti pamoja na majani yake, boga, mkate wa duara, na samaki ambaye kichwa hakijakatwa. Hapo kwenye kichwa wamepigia mstari.

Kununua sio shida, gari la vyakula linatoka Arusha kila wiki. Ila mimi chakula napeleka mezani mwenyewe na wageni huwa nawasalimia kwa lugha yao, ndo staili yangu na ndo tip zinapotokea. Shalom naijua, kila mlokole anaijua. Ya mwaka mpya wanasemaje? Na kuna kitu kimenitatiza, nimefungua Walawi 23 nakuta siku hiyo ni mwezi wa SABA tarehe moja, halafu Kutoka 12 Mungu anasema mwezi wa Pasaka ndo wa kwanza. Sasa mwaka mpya unaanzaje mwezi wa saba? Wajuzi mje, na wachekeshaji pia nawajua mtakuja tu.

Kabwela wa Kwa Mrombo
Siti ya mbele. Bisi ninazo.

Mzigua wa Brooklyn
Chifu, nimemlea bibi wa Kiyahudi huku New York miaka kadhaa, we sema "shana tova" imetosha, yaani mwaka mwema, mwanaume mwanamke mtoto wote sawa. Ukitaka kuwapendeza zaidi sema "shana tova umetuka", mwema na mtamu. Zile ndefu achana nazo kwa sababu zinageuka kulingana na mtu, mwanaume anaambiwa tikatev, mwanamke tikatevi, wengi tikatevu, utajing'ata ulimi mbele za watu na bakuli la supu lipo mkononi. Hizo wanakutakia uandikwe mwaka mwema, maana imani yao ni kwamba siku hiyo vitabu vinafunguliwa mbinguni na siku ya kumi, Yom Kipuri, vinapigwa muhuri. Ndo maana baada ya Rosh Hashana salamu inabadilika wanaanza "gmar hatima tova", umalizie na muhuri mwema. Bibi yangu hata hiyo shana tova alikuwa hatumii, yeye wa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, "a gut yor" basi, na ukimjibu ndivyo sivyo anakurudisha darasani na dawa hanywi mpaka useme sawasawa.

Chifu Kitoweo
Asante sana mkuu. Shana tova umetuka. Nimeandika kwenye mlango wa friji.

Mlokole Sugu
Mtoa mada swali lako la pili ndo la maana na jibu ni fupi: hiyo SIO mwaka mpya. Walawi 23 na Hesabu 29 inasema ni siku ya kupiga tarumbeta, basi. Neno Rosh Hashana kwenye Biblia halipo, marabi waliliongeza wenyewe baadaye.

Mwalimu Hesabu Ndogo
@Mlokole Sugu lipo mkuu, Ezekieli 40 mstari wa kwanza, "mwanzo wa mwaka". Ila nakubali pale haliongelei sikukuu hii, anasema ni siku ya kumi ya mwezi, kwahiyo wote mnaweza kulitumia mkaendelea kubishana.

Chifu, jibu la marabi ni hili. Kuna kitabu chao cha sheria, Mishna, kiliandikwa mwanzoni mwa karne ya 3, sehemu yake ya Rosh Hashana inaanza kabisa kwa kusema mwaka una vianzio VINNE. Tarehe 1 Nisani, ule mwezi wa Pasaka, ni mwaka mpya wa wafalme na wa kupanga sikukuu. Tarehe 1 Eluli ni wa zaka ya mifugo. Tarehe 1 Tishri, ndo hii ya wageni wako, ni wa kuhesabia miaka yenyewe na miaka ya kupumzisha ardhi. Na tarehe 15 Shevati ni wa miti, hapo shule ya rabi Shamai walitaka iwe tarehe 1 wakashindwa. Kwahiyo miezi unaihesabu kuanzia Nisani ila namba ya mwaka inapanda Tishri. Hamna kilichogongana.

Mlokole Sugu
Hiyo ni Mishna, mi nimesema Biblia.

Mama Shamsa wa Kikwajuni
Nyie watu wa bara mnashangaa nini? Sie kwetu miezi twaihesabu toka Ramadhani kuisha. Shawali ndo mfunguo mosi, Dhulkaada mfunguo pili, Dhulhija mfunguo tatu. Mwaka wa Kiislamu waingia Muharam, na Muharam kwetu ni mfunguo NNE! Umesikia mtu Unguja akiuliza vipi mwaka waanza mwezi wa nne? Bibi zetu waliishi nayo hesabu hiyo wala hakuna aliyekosa usingizi. Tena mwaka huu huo Tishri wao wa saba waja pamoja na mfunguo saba wetu, mwezi ni ule ule mmoja juu.

Kabwela wa Kwa Mrombo
Mama Shamsa kafunga uzi mapema hivi? Mi ndo kwanza nafungua bisi.

Mwalimu Hesabu Ndogo
Hahaha mama umenifilisi. Ila msitegemee vikae pamoja daima, wao wana mwezi wa nyongeza. Kila miaka 19 wanaongeza mwezi mara 7, Adari inakuwa mbili, ili Pasaka isitoke kwenye majira yake. Kalenda ya Hijria haiongezi kitu ndo maana Ramadhani inazunguka mwaka mzima. Rosh Hashana yenyewe inacheza kati ya Septemba na mwanzo wa Oktoba tu, mwaka jana 2024 iliingia jioni ya tarehe 2 Oktoba.

Dokta Nyerenyere
Kuna nadharia nyingine hamjaigusa. Majina ya miezi, Nisani, Tishri, Adari, yametoka Babeli, hata marabi wenyewe wanakiri yalipanda nao kutoka uhamishoni. Na Babeli walikuwa na mwezi unaitwa Tashritu, wenye maana ya mwanzo. Kwahiyo wapo wasomi wanaosema mwaka mpya wa vuli Wayahudi waliuimarisha kule. Wengine wanapinga, wanasema mkulima wa Kanaani siku zote mwaka wake uliisha mavuno yakiisha na kuanza akisubiri mvua, hakuhitaji Babeli kumwambia. Kutoka 23 inataja sikukuu ya mavuno mwisho wa mwaka. Mi naegemea kwa mkulima.

Mlokole Sugu
Na uumbaji? Nasikia wanasema dunia iliumbwa siku hiyo.

Mwalimu Hesabu Ndogo
Wengi wanasema aliyeumbwa tarehe 1 Tishri ni Adamu, dunia ilianza siku chache kabla. Lakini hata hapo Talmudi, kitabu chao kikubwa cha mijadala ya marabi, imeandika ubishi, Rabi Eliezer anasema Tishri, Rabi Yehoshua anasema Nisani. Umeona? Wamebishana tangu zamani hizo, wewe unataka Chifu apate jibu kabla gari la vyakula halijafika.

Guide Mstaafu
Chifu naona watu wanakupa theolojia, mi nakupa ya kazi. Kabla hujanunua hata epo moja uliza ofisi hao wageni ni wa aina gani. Nimeendesha Waisraeli sana. Wapo wasioshika dini, hao wanataka maepo na asali na picha, kesho asubuhi wako kwenye gari wanakimbilia nyumbu wanavuka mto. Wapo wanaoshika, hao tarehe 23 na 24 HAWAPANDI GARI. Gemu draivi hakuna siku mbili, simu hazishikwi, na jikoni kwako hawali, watakuja na masufuria yao na mtu wao. Ukichanganya hayo makundi utakuta umelipia tozo za hifadhi siku mbili na dereva amelala chini ya mti. Sio kosa la mgeni hilo, ni ofisi kutouliza.

Chifu Kitoweo
Duh. Hii sikuwaza. Kwenye karatasi kuna gemu draivi kila siku.

Guide Mstaafu
Basi yawezekana hawashiki sana. Lakini uliza.

Msee wa Uni Way
Kwani mbona siku mbili? Mi nilidhani ni Wayahudi wa nje tu wanafanya siku mbili, Israel wanafanya moja.

Mwalimu Hesabu Ndogo
Hizo ni sikukuu nyingine kama Pasaka, ndo nje wanaongeza siku. Rosh Hashana ni siku mbili hata Yerusalemu. Sababu ni kuandama kwa mwezi. Ndo sikukuu pekee inayoangukia tarehe moja ya mwezi, zamani mashahidi walikuwa wanakuja Yerusalemu kuapa wameuona, sasa ukiwa umekaa nyumbani hujui kama shahidi kafika au bado, unaadhimisha leo na kesho.

Mama Shamsa wa Kikwajuni
Alaa! Kumbe ule ugomvi wa mwezi si wetu peke yetu. Mie kila Idi nyumba yangu moja yagawika, mume afuata wa Saudia, mkwe wangu ataka uonekane hapa hapa.

Dokta Nyerenyere
Mama wao walifika mbali zaidi. Mishna inasema zamani mwezi ukionekana walikuwa wanawasha mioto juu ya milima, mlima kwa mlima hadi Babeli, ujumbe unafika usiku ule ule. Wasamaria waliokuwa na uhasama nao wakaanza kuwasha mioto ya uongo usiku usio wenyewe, watu wakachanganyikiwa. Ikabidi mioto iachwe watumwe wajumbe.

Kabwela wa Kwa Mrombo
Yaani feki nyuzi zilianza zamani hivyo.

Namatala256
Habari ndugu zangu, niko Mbale Uganda. Nawasoma tu nikaona niingie. Huku kwetu Wayahudi wapo tena weusi kama mimi, Abayudaya, makao yao kilima cha Nabugoye. Walianza 1919, Semei Kakungulu, yule jenerali aliyewasaidia Waingereza kuteka huku mashariki, aligombana nao akasoma Agano la Kale akasema basi mimi nafuata hili, akatahiriwa na watu wake. Wakati wa Idi Amin walipigwa marufuku, wengi walisilimu au wakawa Wakristo, waliobaki walisali kwa kujificha. Sasa wana sinagogi kubwa lilifunguliwa 2016 na rabi wao Gershom Sizomu aliwahi kuwa mbunge. Mwaka mpya pembe inapigwa na majirani tunasikia, Waislamu na Wakristo tunaalikwa kula, wengi tuko nao kwenye ushirika wa kahawa. Hakuna anayewaletea maepo kutoka ng'ambo, tunda ni lile lililopo sokoni.

Msee wa Uni Way
Na ile stori ya Uganda kupewa Wayahudi?

Namatala256
Hiyo ardhi haikuwa hata Uganda ya leo, iko kwenu Kenya bwana.

Msee wa Uni Way
Kweli, Uasin Gishu. Mwaka 1903 Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapa wazo, mkutano wao wa Kizayuni kule Basel, Uswisi, ukagawanyika vibaya, wakatuma watu kuja kukagua, 1905 wakakataa. Watu wa Eldoret mlikosa kidogo tu mngekuwa mnasalimiana shana tova. Lakini Nairobi walikuja wachache hata hivyo, sinagogi lao la University Way liko pale tangu 1913, lililopo sasa likajengwa upya miaka ya 50, na meya wa Nairobi wa wakati huo Israel Somen alikuwa wao. Nimefanya kazi jengo la jirani, hizo siku za Septemba unaona watu wamevaa meupe wanatembea na miguu kutoka hoteli, nikadhani ni wale Akorino wetu, wa kanisa la vilemba vyeupe.

Mzigua wa Brooklyn
Nyeupe ni usafi wa dhambi kusamehewa. Wengine wanakwambia ni vazi la maziko, mtu akumbuke anahukumiwa. Bibi yangu alikuwa na jibu la tatu, kwamba mtu anayeenda mahakamani huvaa nyeusi kwa hofu, wao wanavaa nyeupe kwa kuwa wana uhakika wa kushinda kesi.

Nungwi Damu
Mi sielewi mnavyowachekea. Gaza watu wanakufa nyie mnauliza salamu. Mi siwezi kumwambia shana tova.

Guide Mstaafu
Kijana hakuna aliyekulazimisha. Chifu kaajiriwa, mgeni akishuka kwenye gari ni mgeni. Na Myahudi wa Mbale au Nairobi hajaingia kwenye hiyo vita. Jukwaa la siasa la kimataifa lipo, huko mada hizo ziko nyingi na hasira za kutosha.

Nungwi Damu
Sawa mzee. Nimesema langu.

Mtoto wa Makete
Turudi mezani. Kwanini maepo? Israel ni nchi ya joto, mbona wasile tunda la kwao? Sisi Makete tunalima maepo kwa sababu ya baridi.

Mwalimu Hesabu Ndogo
Swali zuri. Epo na asali ni desturi ya Wayahudi wa Ulaya, kitabu cha karne ya 14 kinasema watu wa Ujerumani ndo walikuwa wanafanya hivyo. Septemba kule epo ndo lililokuwa limeiva, mimi nadhani hilo tu linatosha. Ila wapo wanaosema ni Isaka alipomnusa Yakobo akasema harufu ya shamba, marabi wakasema shamba lenyewe lilikuwa la matofaa.

Hiyo orodha nyingine ya Chifu ndo ya zamani zaidi, imetoka Talmudi, mwalimu mmoja Abaye alisema dalili ina maana kwahiyo mwaka mpya mtu aone boga, rubia, liki, bitiruti na tende. Kila kimoja jina lake linafanana na dua. Tende ni tamar na wanaomba maadui "yitamu", waishe. Liki ni karti, na dua yake ni maadui "wakatwe". Kwahiyo usishangae wakishika tende wakaanza kulaani.

Mama Shamsa wa Kikwajuni
Hee! Sie tende twafuturia, wenzetu walaania.

Mzigua wa Brooklyn
Samaki na kichwa ni ili wawe kichwa wasiwe mkia, imetoka Kumbukumbu la Torati 28. Wengine wanaweka kichwa cha kondoo wamkumbuke yule kondoo wa Ibrahimu.

Mtoto wa Makete
Chifu piga kambale mmoja mkubwa, kichwa chake peke yake kinajaza sinia.

Guide Mstaafu
WEWE!! Utamfukuzisha mwenzio kazi. Kambale hana magamba, ni haramu kwao kabisa. Sato ndo mwenyewe, ana magamba na mapezi, tena ndugu yake yuko Ziwa Galilaya wanamjua vizuri. Agiza Mwanza sio Arusha, ndege ndogo za Kogatende nyingine zinapitia huko. Mpake chumvi na kitunguu swaumu, mchome na mkaa, ngozi ianze kupasuka. Jicho liwepo. Na usimtie siagi wala maziwa meza yenye nyama, hata kama hawashiki sana.

Chifu Kitoweo
Sato nimeandika. Na juu ya meza niweke korosho na karanga za kutafuna kabla ya chakula?

Mzigua wa Brooklyn
Hapana hapana. Wa Ulaya njugu hawali mwaka mpya. Ukihesabu herufi za neno njugu kwa Kiebrania, kila herufi ni namba, inatoka 17, sawa na neno dhambi.

Mwalimu Hesabu Ndogo
Dhambi ni 18 ukihesabu na alefu yake. Kuna aliyeidondosha ili hesabu ikubali. Sababu ya pili kwenye vitabu vyao inaeleweka zaidi, njugu zinaleta makohozi mtu ashindwe kusali.

Mzigua wa Brooklyn
Alefu haisikiki mkuu, mbona wewe unaihesabu?

Mwalimu Hesabu Ndogo
Kwa sababu imeandikwa.

Mama Shamsa wa Kikwajuni
Na achari? Kachumbari ya ndimu?

Mzigua wa Brooklyn
Wengi wanakwepa vitu vikali na vichungu, wanataka mwaka mtamu. Kachumbari iache. Fanya mkate wa duara tia zabibu kavu, mkate wao wa Sabato huwa wa kusukwa lakini huu unazungushwa, wengine wanasema ni mwaka unavyozunguka, wengine taji la mfalme. Usiku wa pili weka tunda ambalo hawajalionja msimu huu, wana dua yake maalumu. Bibi yangu alikuwa anahangaika kweli Brooklyn kutafuta tunda geni, wewe una stafeli na matunda damu bure.

Mtoto wa Makete
Asali iwe ya Tabora tafadhali, sio ile ya pakiti ya supamaketi.

Kabwela wa Kwa Mrombo
Hizi pembe wanazopiga ni za nini? Nina mzee hapa mtaani ana pembe za tandala amezitundika ukutani toka mwaka gani, Chifu nikuletee uwauzie tugawane?

Guide Mstaafu
Kabwela hiyo inaitwa nyara za serikali. Huna kibali chake utagawana na mahakama. Na mgeni akikutwa nayo KIA ndo mmemuharibia mwaka kabisa.

Dokta Nyerenyere
Ila hajakosea sana. Pembe ya kawaida, shofa, ni ya kondoo dume, lakini Wayahudi wa Yemeni wanatumia ile ndefu iliyojipinda mara mbili tatu, na hiyo ni ya tandala, mnyama wa Afrika. Ya ng'ombe hairuhusiwi, inakumbusha ndama wa dhahabu. Inapigwa mara 100 kwa siku, mlio mrefu, mlio wa kukatika mara tatu kama mtu anavuta pumzi za kilio, na mlio wa vipande vipande. Kwanini inapigwa, chagua mwenyewe: kondoo wa Ibrahimu, kumtawaza Mungu kuwa mfalme, kumchanganya shetani asiwashtaki, na Maimonidesi, mwanazuoni wao mkubwa wa karne ya 12, yeye anasema ni kuwaamsha waliolala. Ya kunishangaza ni ile Talmudi inayopima mlio kwa kilio cha mama yake Sisera, yule jemadari adui wa Waamuzi 5. Adui yao kabisa, lakini kilio cha mama yake ndo kipimo cha pembe yao.

Mlokole Sugu
Hiyo ya mama Sisera sijawahi kuisikia kanisani. Nitaifuatilia.

Guide Mstaafu
Kama wanakuja na pembe Chifu mjulishe meneja mapema. Mara mia asubuhi katikati ya hifadhi, kambi za jirani watadhani kuna dharura.

Msee wa Uni Way
Na ile ya kwenda mtoni kutupa dhambi? Niliona watu wanasimama kwenye maji wanakung'uta mifuko.

Mzigua wa Brooklyn
Tashlik. Mchana wa siku ya kwanza, wanasoma Mika 7, Mungu atatupa dhambi zao vilindini mwa bahari. Inapendekezwa maji yenye samaki. Watu wanatupa na vipande vya mkate ingawa marabi wengine hawapendi.

Kabwela wa Kwa Mrombo
Chifu upo mto Mara. MAMBA.

Guide Mstaafu
Nimecheka peke yangu. Hapana, hawashuki kwenye gari pale kwa sheria ya hifadhi, na dhambi zenyewe zitatoka mtoni zimevaa magamba. Tafuteni kisima au hata beseni, nimesikia wapo wanaosimama juu ya kisima mahali pasipo na mto.

Nungwi Damu
Hii ya maji nimeipenda. Kwetu siku ya mwaka, Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kogwa yenyewe ni kuoga, wazee walikuwa wanateremka baharini alfajiri kuuvua mwaka wa zamani. Na ule hauna uhusiano na Muharam, ni Nairuzi ya Waajemi, unakuja Julai. Halafu watu wanapigana kwa vigogo vya migomba kumaliza vinyongo.

Mama Shamsa wa Kikwajuni
Umeona mwanangu, umerudi na neno jema.

Lushois
Jambo bote. Miye niko Lubumbashi. Batu banasema "Wayahudi" sawa bote ni ba Ulaya ya baridi, hapana. Huku kwetu balikuwa mingi, balitoka ku kisiwa ya Rhodes, banajenga sinagogi yao karibu mu 1930, na rabi Moïse Levy alifika mu 1937. Baba ya Moïse Katumbi naye alitoka kule. Bale habasemi "a gut yor", balikuwa banasema Kiespanyoli ya zamani, "anyada buena". Na wakubwa bao banasalimiana "tizku leshanim rabot", mwingine anajibu "neimot vetovot", miaka mingi, ya muzuri. Ile meza ya liki na tende na kunde ni yabo zaidi, maepo ilikuya nyuma. Chifu aulize wageni bake banatoka familia gani.

Chifu Kitoweo
Wakuu asanteni. Nimeshapiga ofisi, hawashiki Sabato, gari linatoka kila siku kama kawaida, jikoni kwetu watakula ila nguruwe na kamba wasiwepo. Wawili ni familia ya Yemeni, na hao ndo walioandika orodha. Sasa kuna kitu: kwenye orodha ya Kiingereza imeandikwa kunde, lakini yule mama wa Kiyemeni kaongeza kwa mkono pembeni "hilbe". Ndo nini?

Mama Shamsa wa Kikwajuni
Hulba! Uwatu huo. Washihiri, Waarabu wenye asili ya Yemeni, wote wa mji huu waujua, unauroweka, unaupiga mpaka utoe povu jeupe, twawapa wazazi waliojifungua. Mchungu kidogo lakini, si mlisema mwaka mtamu?

Mwalimu Hesabu Ndogo
Hapo ndo patamu. Ile "rubia" ya Talmudi, wengi wanasema ni kunde kwa sababu Waarabu wanaita lubia. Lakini Rashi, mfasiri mkubwa wa karne ya 11, anasema ni uwatu. Kwahiyo huyo mama anaweza kuwa na Rashi nyuma yake.

Lushois
Ba Rhodes bote banakula kunde. Rashi alikuwa mu Ufaransa, alijua nini juu ya lubia?

Dokta Nyerenyere
Au mama anapenda hilbe yake tu, Wayemeni wanaila mwaka mzima na mkate. Sio kila kitu cha mezani kina aya.

Guide Mstaafu
Chifu weka bakuli mbili. Uwatu roweka tangu usiku wa tarehe 21, asubuhi mwaga maji yale ya kwanza uchungu upungue, halafu muite huyo mama jikoni akuoneshe kupiga mwenyewe.

Chifu Kitoweo
Uwatu Arusha unapatikana wapi?

Kabwela wa Kwa Mrombo
Soko Kuu, maduka ya viungo ya Wahindi, waambie "methi" ukisema uwatu hawakuelewi.

Mama Shamsa wa Kikwajuni
Nani kasema hawaelewi uwatu?